Umehamisha Seva, PostgreSQL Imebaki: Kutunza Toleo la Zamani kwenye Debian na Ubuntu

Jumatatu moja asubuhi karani wa chama cha akiba na mikopo alinipigia simu. "Kaka, Ng'wandu amepotea." Mwanachama mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake, kitabu mkononi, ila mfumo unadai hayupo. Nikamwambia asimsajili upya. Alikuwa ameshamsajili, na mfumo ukakubali, ingawa jedwali lile lilikatazwa kabisa kuwa na jina lilelile mara mbili katika tawi moja.

Wikendi iliyopita nilikuwa nimeipandisha seva yao kutoka Debian 9 kwenda Debian 10. Hifadhidata sikuigusa. Ilikuwa PostgreSQL 9.6 na ikabaki 9.6, kwa sababu programu yao ya uhasibu haikujua toleo jingine. Nilijiona mwangalifu sana. Kilichompoteza Ng'wandu nitakieleza kwenye hatua ya saba. Kwa sasa itoshe kusema kwamba toleo la zamani halikai peke yake. Limekaa juu ya mfumo endeshi, na mfumo ule ukisogea, nalo linasogea hata kama namba yake haijabadilika.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye katika hali kama yangu ile: una PostgreSQL ambayo huwezi kuipandisha mwaka huu, na seva ni Debian au Ubuntu. Amri nyingi zinataka sudo, yaani ruhusa ya msimamizi.

Hatua ya 1: Andika ulicho nacho

Kabla ya kugusa chochote, kusanya haya na uyaandike mahali nje ya seva hiyo. Mimi natumia daftari la karatasi, na sioni aibu.

```
pg_lsclusters
sudo -u postgres psql -c "select version();"
sudo -u postgres psql -c "select datname, datcollate from pg_database;"
ldd --version | head -1
```

Amri ya kwanza inaonyesha klasta zote zilizopo (klasta ni PostgreSQL moja inayoendeshwa pamoja na data yake), toleo la kila moja, poti na mahali data inapokaa. Debian na Ubuntu zinaruhusu matoleo kadhaa kuishi pamoja kwenye mashine moja: programu ya toleo la 13 iko /usr/lib/postgresql/13, mipangilio iko /etc/postgresql/13/main, data iko /var/lib/postgresql/13/main. Toleo la 17 lina njia zake kando. Jambo hili litakuokoa baadaye, basi zizoee njia hizo.

Amri ya nne ndiyo watu huiruka. Inakupa namba ya glibc, maktaba ya msingi ya Linux. Iandike na uizungushie duara.

Kisha ingia ndani ya kila hifadhidata na uandike `\dx` uone viendelezi. Wanaosimamia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, wanajua kwa nini: mfumo ule unategemea PostGIS, na PostGIS ina kifurushi chake kwa kila toleo la PostgreSQL, kwa mfano postgresql-13-postgis-3. Hifadhidata ikihamia mahali ambapo kifurushi hicho hakipo, data ya ramani haitafunguka.

Hatua ya 2: Jua nani anakuletea viraka

Tangu PostgreSQL 10 ya mwaka 2017, namba ya kwanza ndiyo toleo kuu na ya pili ni marekebisho madogo. Zamani zaidi, 9.6 nzima ilikuwa toleo kuu moja. Kila toleo kuu hupewa takriban miaka 5 na waandishi wake. Toleo la 12 lilitoka Oktoba 2019, na kiraka chake cha mwisho, 12.22, kilitoka 21 Novemba 2024. La 13 lilifikia mwisho Novemba 2025, na la 14 zamu yake ni Novemba 2026.

Distro (aina za Linux kama Debian na Ubuntu) nazo zina kalenda yao. Debian 11 ilikuja na PostgreSQL 13, Debian 12 na 15, Debian 13 na 17. Ubuntu 20.04 ilikuja na 12, 22.04 na 14, 24.04 na 16. Kalenda hizi mbili hazilingani, na pengo lililo kati yake ndipo kazi ya watunzaji wa distro ilipo. Waandishi wa PostgreSQL wakishaliacha toleo, watunzaji huchukua kiraka kilichoandikwa kwa toleo jipya na kukishonea kwenye la zamani.

Mfano ulio wazi ni wa 13 Februari 2025. Siku hiyo ulitangazwa mwanya wa usalama CVE-2025-1094, unaohusu jinsi libpq na psql (zana za kuunganisha na kutuma amri kwa PostgreSQL) zinavyoshughulikia alama za nukuu, na ukazibwa katika 13.19, 14.16, 15.11, 16.7 na 17.3. Toleo la 12 halimo kwenye orodha hiyo. Miezi mitatu ilikuwa haijatimia tangu liagwe. Lakini Ubuntu 20.04 ilikuwa bado ndani ya muda wake, na timu yake ya usalama ikaupeleka ufumbuzi kwenye kifurushi chake cha 12. Namba ilibaki 12.22, kilichobadilika ni mkia unaofuata namba hiyo.

Kwa hiyo seva mbili zinaweza kujitangaza kuwa 12.22, moja imezibwa na nyingine iko wazi. Usiisome namba tu, usome na mkia:

```
apt policy postgresql-12
apt changelog postgresql-12
```

Msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04 uliisha Mei 2025. Baada ya hapo viraka vinapatikana kwa Ubuntu Pro, ambayo kwa mtu binafsi ni bure hadi mashine 5. Kwa ofisi yenye seva moja ya zamani, nadhani hii ndiyo njia nafuu kuliko zote ya kununua muda. Kwa upande wa Debian 11, kikosi cha LTS (msaada wa muda mrefu) kinaendelea nayo hadi mwisho wa Agosti 2026.

Hatua ya 3: Chagua hazina moja ya vifurushi

(Vifurushi vya programu, si vile vya kununua kwa vocha.)

Una vyanzo vitatu. Cha kwanza ni hazina ya distro yenyewe, au ripo kama wengi tunavyoiita. Ikiwa toleo lako ndilo lililokuja na distro na distro bado ina msaada, baki hapo na usitafute makubwa.

Cha pili ni hazina ya mradi wa PostgreSQL wenyewe, apt.postgresql.org. Hii unaihitaji pale unapotaka toleo ambalo distro yako haina, mathalani 13 juu ya Debian 12:

```
sudo apt install postgresql-common
sudo /usr/share/postgresql-common/pgdg/apt.postgresql.org.sh
sudo apt install postgresql-13
```

Hazina hii huhifadhi hata matoleo yaliyokwisha muda. Kuhifadhi si kuziba, lakini: toleo lililoagwa na waandishi wake liko pale kama lilivyoachwa.

Cha tatu ni ghala: apt-archive.postgresql.org kwa distro zilizokwisha muda, ambako Debian 9 kwa mfano inaitwa stretch-pgdg-archive, na snapshot.debian.org kwa kifurushi chochote kilichowahi kupita Debian katika tarehe fulani. Nenda huko unapotaka kufufua mashine ya zamani ili utoe data, au kurudia kasoro iliyotokea kwenye namba fulani hasa. Usiiache seva ya kazi ikila ghalani.

Hatua ya 4: Ziba mitego ya apt

Mtego wa kwanza ni kifurushi kinachoitwa `postgresql` bila namba. Hicho ni kivuli tu, kinachovuta toleo linalopendekezwa na hazina. Ukishaongeza hazina ya mradi, kivuli hicho kitakuletea toleo jipya kabisa, ambalo litajiundia klasta tupu kwenye poti 5433. Hakuna data inayopotea, ila nimeshuhudia mtu akikesha akitafuta majedwali yake kwenye klasta hiyo tupu. Kiondoe, ubaki na chenye namba:

```
sudo apt-mark manual postgresql-13 postgresql-client-13
sudo apt remove postgresql
```

Na kwenye /etc/postgresql-common/createcluster.conf weka `create_main_cluster = false`, ili toleo jipya likiingia lisijiundie chochote bila ruhusa yako.

Mtego wa pili ni `apt-mark hold`. Ni jambo la kwanza watu hushauriana, na kwa PostgreSQL ni ushauri mbaya. Jina la kifurushi tayari lina toleo kuu ndani yake, kwa hiyo postgresql-13 haiwezi kugeuka kuwa 14 usiku. Ukiifunga kwa hold, unachozuia ni viraka vya 13 yenyewe. Tumia hold kwa siku mbili tatu tu, labda mwisho wa mwezi mishahara inapolipwa, na uandike ukumbusho wa kuiondoa.

Mtego wa tatu ni `apt autoremove` baada ya kupandisha distro. Kifurushi cha zamani hakimo tena kwenye hazina mpya, basi mfumo unaweza kukiona takataka. Postgresql-common huandika kinga yake ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/, kwenye faili ambalo jina lake huishia na autoremove-postgresql. Hakikisha faili ipo, na usome orodha ya vinavyofutwa kabla ya kubonyeza Y.

Hatua ya 5: Weka marekebisho madogo bila woga

Kutoka 13.18 kwenda 13.22 hakubadilishi umbo la data kwenye diski. Ni `apt update`, kisha `apt install --only-upgrade postgresql-13`, na huduma inawashwa upya kwa sekunde chache. Soma tu maelezo ya toleo, kwa kuwa mara mojamoja hukutaka ujenge upya faharasa (index) fulani. Kwangu, kutunza toleo kuu la zamani ni uamuzi wa kawaida wa kiofisi. Kubaki kwenye rekebisho dogo la zamani ni uzembe.

Hatua ya 6: Bakapu inayorudi

```
sudo -u postgres pg_dumpall --globals-only > watumiaji.sql
sudo -u postgres pg_dump -Fc uhasibu > uhasibu.dump
```

Amri ya kwanza huchukua watumiaji na nywila zao, ambavyo pg_dump haichukui. Wengi hugundua hilo siku ya msiba.

Ukijiandaa kuhamia toleo jipya, tumia pg_dump ya toleo jipya kusoma seva ya zamani, si kinyume chake. Pg_dump ya 15 na kuendelea inaweza kuisoma seva hadi ya 9.2. Kisha irudishe bakapu kwenye mashine nyingine na uhesabu safu za majedwali mawili matatu. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa mimi siihesabu.

Hatua ya 7: Unapobadilisha mfumo endeshi chini ya hifadhidata

Sasa turudi kwa Ng'wandu.

Faharasa ya maandishi katika PostgreSQL ni orodha iliyopangwa kialfabeti, na kwa kawaida anayeamua alfabeti ni glibc. Mwezi Agosti 2018 ilitoka glibc 2.28, ikabadilisha kanuni za kupanga. Kabla yake, alama kama kistari na king'ong'o hazikuhesabiwa katika kulinganisha maneno, isipokuwa pale ambapo mengine yote yamelingana. Baada yake zinahesabiwa, na zinakaa mbele ya herufi. Debian 9 ilikuwa na 2.24, Debian 10 ilikuwa na 2.28. Ubuntu 18.04 ilikuwa na 2.27, 20.04 ilikuwa na 2.31. Red Hat waliuvuka mpaka huohuo kati ya RHEL 7 na 8.

Jaribu mwenyewe:

```
printf "Ng'wandu\nNgoma\n" | LC_ALL=en_US.UTF-8 sort
```

Kwenye mfumo wa zamani Ngoma anatangulia, kwa kuwa Ng'wandu anasomwa kama Ngwandu. Kwenye mpya Ng'wandu anatangulia. Faharasa ya wanachama ilikuwa imeandikwa diskini kwa utaratibu wa zamani, na seva ikawa inaitafuta kwa utaratibu mpya. Ni kama mtu aliyepanga mafaili kabatini kwa kanuni yake amestaafu, na karani mpya anafungua droo isiyo yenyewe, anakuta patupu na kusema "hayupo". Kinga ya kuzuia marudio nayo inategemea faharasa hiyohiyo, ndiyo maana usajili wa pili ukapita.

Maelezo mengi niliyosoma hutumia mfano wa 1-1 na 11, na unaweza kudhani ni tatizo la namba za bidhaa. Kwetu sisi, wenye Ng'ang'a, Mwang'ombe na Ng'wandu kwenye kila rejista, liko katikati ya majina ya watu.

Kwa hiyo, kila namba ya glibc inapobadilika, fuata utaratibu huu. Funga programu zinazoandika data. Hakikisha bakapu ipo. Pandisha mfumo endeshi. Kabla ya kumruhusu mtumiaji yeyote kuingia, jenga upya faharasa zote:

```
sudo -u postgres reindexdb --all
```

Hifadhidata ya ofisi ya kawaida humaliza kabla chai haijapoa. Kama yako ni kubwa na huwezi kuifunga, kuanzia toleo la 12 kuna `REINDEX INDEX CONCURRENTLY`, ingawa wakati inaendelea majibu ya utafutaji bado si ya kuaminika.

Ukiwa umeshachelewa na watu wanafanya kazi, pima kwanza ukubwa wa madhara. Kuanzia toleo la 11 amri hii inatosha:

```
CREATE EXTENSION amcheck;
SELECT c.relname, bt_index_check(c.oid, true)
FROM pg_index i
JOIN pg_class c ON c.oid = i.indexrelid
JOIN pg_am a ON a.oid = c.relam
WHERE a.amname = 'btree' AND c.relkind = 'i'
  AND c.relpersistence <> 't' AND i.indisvalid;
```

Inasimama kwenye faharasa mbovu ya kwanza, kwa hiyo ukimya ndio habari njema. REINDEX ikikataa na kulalamika kuhusu marudio, maana yake wapo akina Ng'wandu wawili. Watafute huku ukiizuia seva isitumie faharasa zilizoharibika:

```
SET enable_indexscan = off;
SET enable_indexonlyscan = off;
SET enable_bitmapscan = off;
SELECT jina, tawi, count(*) FROM wanachama
GROUP BY jina, tawi HAVING count(*) > 1;
```

Kuwaunganisha ni kazi ya karani, si yako. Michango iliyoingia kwenye akaunti ya pili ni fedha za mtu.

Kuanzia toleo la 15 PostgreSQL hukumbuka namba ya toleo la kanuni za kupanga zilizotumika, na hutoa onyo la "collation version mismatch" unapounganishwa. Waliokuwa na picha ya Docker ya postgres:15 waliliona mwaka 2023 picha ile ilipohamishwa kutoka Debian 11 kwenda 12, hata kama wao hawakugusa seva. Onyo hilo linazimwa kwa `ALTER DATABASE uhasibu REFRESH COLLATION VERSION`, lakini baada ya REINDEX. Ukianza na kuzima, umetoa betri kwenye king'ora.

Hifadhidata ambazo datcollate yake (kanuni ya kupanga maandishi) ni C hazimo kwenye kadhia hii yote, kwa sababu zinalinganisha baiti tu. Ndiyo maana nilikuambia uiandike kwenye hatua ya kwanza.

Hatua ya 8: Toleo lisilo na viraka lizungushie ua

Kama umekwama na toleo ambalo hakuna tena anayeliziba, punguza wanaoweza kulifikia. Katika postgresql.conf weka `listen_addresses = 'localhost'` ikiwa programu iko mashine hiyohiyo. Ikiwa iko kwingine, ruhusu anwani hiyo moja tu kwenye pg_hba.conf na kwenye ukuta wa moto:

```
sudo ufw allow from 10.0.0.5 to any port 5432 proto tcp
```

Ondoa kwenye pg_hba.conf mistari yenye `trust`, inayoruhusu kuingia bila nywila. Mtumiaji wa programu asiwe superuser (mwenye ruhusa zote); utashangaa ni mifumo mingapi ya kununua inayoingia kama postgres.

Hatua ya 9: Kuondoka, siku ikifika

Usipandishe distro na hifadhidata wikendi moja. Ukipatwa na tatizo hutajua umlaumu nani. Mimi hupandisha distro kwanza na toleo la zamani likiwa juu yake, nafanya hatua ya saba, nasubiri wiki chache, ndipo naigusa PostgreSQL:

```
sudo apt install postgresql-17
pg_lsclusters
sudo pg_upgradecluster -v 17 13 main
```

Ikiwa 17/main ilijiunda yenyewe, iondoe kwanza kwa `pg_dropcluster --stop 17 main`. Soma namba mara mbili, kwani ukiandika 13 badala ya 17 haikuulizi swali.

Njia ya kawaida ya pg_upgradecluster ni kutoa data na kuiingiza upya, na hivyo faharasa zinajengwa upya pia. Njia ya haraka, `-m upgrade`, hubeba faharasa kama zilivyo, pamoja na ubovu wake kama upo. Kwa hifadhidata ya gigabaiti chache sioni sababu ya kuharakisha.

Jaribu programu yako kwenye nakala kabla ya siku yenyewe. Mambo mawili huwashika wengi: tangu toleo la 14 nywila mpya huhifadhiwa kwa scram-sha-256, ambayo viunganishi vya kale haviijui, na tangu 15 mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuunda majedwali kwenye schema ya public ya hifadhidata mpya.

Kazi ikiisha, klasta mpya huchukua poti ya zamani, na ile ya zamani husogezwa poti nyingine ikiwa imezimwa. Iache hapo hadi hesabu za mwezi zifungwe na karani akuambie zimelingana. Ndipo uandike `sudo pg_dropcluster 13 main`, ufute kifurushi, na ukate mstari wa 13 kwenye daftari.